Waliibuka wakiwa hai, wakafia juu: Kisa cha baba na mwana kwenye nyambizi ya Ujerumani

NEW JERSEY, MAREKANI

JUMATATU ya Oktoba 12, 1992, baba na mwanaye waliruka baharini kutoka kwenye boti iliyotia nanga takriban kilomita 100 kutoka pwani ya New Jersey. Mgongoni walikuwa na mitungi, mkononi taa, kichwani mpango wa kukaa chini dakika 20 tu, kisha kupanda polepole kurudi kwenye boti.

Zilipita dakika 40 hivi, wakaibuka. Wote walikuwa hai. Lakini wenzao waliokuwa kwenye boti hawakushangilia. Walitazama saa, wakatazama tena, wakajua kimeumana. Watu waliokaa chini muda wote ule hawakupaswa kuonekana juu mapema namna ile.

Baba, Chris Rouse, alikuwa na miaka 39. Mwanaye, naye jina lake Chris ila kila mtu alimwita Chrissy, alikuwa na miaka 22. Kabla siku haijaisha, wote wawili walikuwa marehemu.

Shabiki wa soka amezoea kuona mchezaji akiumia, refa anapuliza filimbi, daktari anaingia mbio, machela inakuja na ndani ya dakika mbili mtu yuko nje ya uwanja anatibiwa. Kwenye mchezo huu daktari yuko juu, majeruhi yuko mita 70 chini ya maji, na kumtoa haraka ndiko kunakomuua.

MCHEZO USIO NA JUKWAA

Uzamiaji wa kawaida, ule wa watalii wanaokwenda kutazama samaki na matumbawe, una mpaka wake. Vyama vinavyofundisha mchezo huo vinasema mwisho ni mita 40. Ukizidi hapo unaingia ligi nyingine kabisa, yenye vifaa vingi zaidi, mafunzo marefu zaidi na makaburi mengi zaidi.

Kaskazini mashariki mwa Marekani walikuwepo jamaa ambao hiyo ndiyo ilikuwa ligi yao. Hawakufuata samaki. Walifuata meli zilizozama. Kombe lao kubwa lilikuwa kitu cha kuibuka nacho: sahani, kengele, kitasa cha mlango, chochote chenye jina la meli. Mtu aliyekuwa na sahani za Andrea Doria, meli ya kifahari ya Italia iliyozama Julai 1956 baada ya kugongana na meli ya Stockholm, aliziweka kabatini kama klabu inavyoweka makombe.

Mashabiki hakuna, pesa hakuna. Kila mtu alijilipia nauli ya boti, gesi na vifaa. Sifa zilikuwa za watu wachache waliojuana kwa majina, wakiulizana nani kafika wapi na kaibuka na nini.

Boti maarufu ya watu hao iliitwa Seeker, na nahodha wake alikuwa Bill Nagle, mzamiaji mkongwe. Mwaka 1991 Nagle alipata kwa mvuvi mmoja vipimo vya sehemu ambayo samaki walikuwa wakijazana. Kwenye mchanga mtupu wa Atlantiki, samaki wakijazana mahali pamoja huwa kuna kitu chini.

Septemba 2, 1991, John Chatterton alishuka kwenda kuangalia ni kitu gani. Alikuta nyambizi ya Kijerumani ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, imelala kwenye kina cha mita 70, ubavu wake umetobolewa. Tatizo ni kwamba kwenye vitabu vya jeshi la majini la Marekani na vya Ujerumani, eneo lile halikuwa na nyambizi yoyote iliyozama. Ilikuwa nyambizi isiyo na jina.

Mwezi huohuo boti iliporudi, mzamiaji mmoja alipoteza fahamu akiwa kule chini na hakuibuka tena. Nyambizi ilikuwa imeshachukua wa kwanza.

KISU CHA HORENBURG

Baadaye mwaka 1991 Chatterton aliibuka na kisu cha mezani. Kwenye mpini wake palichongwa jina: Horenburg. Mabaharia wote wa nyambizi za Kijerumani wameandikwa kwenye kumbukumbu, kwa hiyo wengi waliona kesi imekwisha.

Haikuwa hivyo. Horenburg alikuwepo kweli, mtu wa redio kwenye nyambizi U-869. Lakini vitabu vilisema U-869 ilizamishwa Februari 1945 karibu na Rabat, Morocco, yaani upande wa pili wa bahari, kwenye pwani ya Afrika. Kisu chake kimefikaje New Jersey? Hakuna aliyejua. Jibu pekee ambalo lingekubalika ni kitu kingine kutoka ndani ya chombo chenyewe, chenye namba isiyobishaniwa.

Hapo ndipo baba na mwana Rouse walipoingia kwenye kisa hiki.

BAKI NA MZEE WAKE

Chris Rouse alikuwa mtu wa Pennsylvania, aliyejipatia riziki kwa kuchimba visima. Alipata mtoto akiwa bado kijana mdogo kabisa, na tofauti ya miaka 17 iliwafanya waonekane kama kaka na mdogo wake kuliko baba na mwana. Walifanya kazi pamoja, walizamia pamoja na walibishana pamoja. Walibishana kuhusu vifaa, kuhusu mpango, kuhusu nani kafunga nini vibaya, mbele za watu na bila aibu, hadi kwenye boti wakapewa jina la utani la ndugu wagombanao.

Lakini wakishaingia majini kelele zote ziliisha. Wenzao walisema baba na dogo walisomana kama mabeki wa kati waliocheza pamoja misimu kumi. Mama wa familia naye alikuwa mzamiaji, na nyumbani mazungumzo yalikuwa hayohayo.

Walijifunzia mchezo kwenye mapango yenye maji, mafunzo ambayo ni magumu kuliko ya baharini. Pangoni huna uso wa maji juu ya kichwa chako, una jiwe. Kwa hiyo mzamiaji wa mapango hufundishwa kufunga uzi mlangoni na kuufungua nyuma yake kila anapokwenda, ili gizani aushike na kurudi nao. Hufundishwa pia kuacha mitungi ya akiba njiani, mahali anapopajua, ya kupumulia wakati wa kurudi.

Kwa viwango vya wakati huo, Rouse wawili walikuwa wameiva kuliko wengi waliopanda Seeker. Hawakuwa wageni waliobahatisha. Ndiyo maana kifo chao kiliwatikisa watu kiasi kile.

BEI YA GESI

Ukishuka mita 10 majini, mgandamizo unaongezeka kwa kiasi kilekile cha hewa yote iliyo juu ya uso wa dunia. Kwenye mita 70 mgandamizo ni mara nane ya ule wa nchi kavu. Hilo lina maana tatu, na zote ni mbaya.

Kwanza, kila pumzi inakula gesi mara nane. Mtungi ambao juu ungekutosha dakika 80, kule chini unaisha baada ya 10. Ukiogopa, ukaanza kuhema, unaisha mapema zaidi.

Pili, naitrojeni iliyo kwenye hewa ya kawaida inalevya. Wazamiaji hufananisha na kunywa pombe juu ya tumbo tupu. Mikono inafanya kazi, macho yanaona, ila akili inang'ang'ania jambo moja na kusahau mengine yote. Mtu anaweza kuitazama saa yake na asiielewe.

Tatu, naitrojeni hiyo inayeyuka na kuingia kwenye damu, misuli na mafuta ya mwili. Ukipanda pole inatoka kupitia mapafu, bila shida. Ukipanda fasta, inachemka. Tikisa chupa ya soda, kisha fungua kizibo kwa mkupuo: povu unaloliona ndilo linalotokea ndani ya mishipa ya mtu. Kwa hiyo mzamiaji wa kina kirefu hupanda kwa vituo. Anasimama hapa dakika kadhaa, anapanda mita tatu, anasimama tena. Dakika 20 za chini hudai karibu saa nzima ya kurudi, na kila dakika unayozidisha chini huongeza deni la juu.

Kwenye soka dakika za nyongeza anaamua refa. Huku anaamua kina, na hababaishwi na kelele za jukwaani.

Mwaka 1992 dawa ya ulevi wa naitrojeni ilikuwa imeshapatikana. Ni gesi ya kuchanganya oksijeni, naitrojeni na heliamu. Heliamu hailevyi namna ile, na mtu anabaki na akili zake kwenye mita 70. Baadhi ya wazamiaji wa Seeker walikuwa wameanza kuitumia, wengine waliiita uchawi. Rouse wawili walikuwa wanaijua vizuri. Shida ilikuwa bei. Heliamu ni ghali, mfuko ulikuwa umetoboka, wakaamua safari hiyo washuke na hewa ya kawaida.

DAKIKA 20 ZILIVYOGEUKA 40

Mpango ulikuwa mwepesi. Dogo anaingia ndani ya nyambizi, mzee anabaki nje karibu na upenyo, anamulika taa ili mwanaye aone njia ya kutokea. Safari zilizotangulia Chrissy aliona ndani ya nyambizi kitu chenye maandishi ya Kijerumani, kimenasa. Aliamini huenda ndicho kitakachoitaja nyambizi jina. Yeye na baba yake wangekuwa wametegua kitendawili kilichowashinda wote.

Chuma kilichokaa chumvini miaka 47 hakina uaminifu. Chrissy alipokuwa akivuta na kuchimba, kabati lilimporomokea likambana. Tope lililotulia tangu 1945 likatimka, maji yakawa meusi.

Baba alikuwa nje. Alikuwa na gesi, alikuwa na uzi, njia ya kurudi ilikuwa nyuma yake. Aliingia ndani.

Kumkwamua mtu gizani, ukiwa umelewa naitrojeni, kwenye chumba ambacho hata kugeuka ni shughuli, kuliwala dakika ambazo hazikuwa kwenye mpango. Alifaulu. Chrissy alitoka chini ya chuma akiwa mzima. Kama kisa kingeishia hapo, Chris Rouse angesimuliwa hadi leo kama mzee aliyemtoa mwanaye kaburini.

Lakini kwenye ile vurugu walipoteza njia. Walitokea upande mwingine wa nyambizi, siyo ule walioingilia. Mitungi yao ya akiba, ile waliyoipanga vizuri kama walivyofundishwa mapangoni, ilikuwa kwingine. Kamba ya nanga, ambayo ndiyo ngazi ya kupandia na kufanyia vituo, nayo haikuonekana. Walitafuta. Mitungi ya mgongoni ilikuwa inaelekea mwisho.

Hapo palibaki njia mbili. Kubaki chini na kuzama kwa kukosa hewa, au kupanda moja kwa moja bila vituo na kuomba Mungu. Wakapanda.

HELIKOPTA ILIKUJA

Bahari siku ile ilikuwa imechafuka. Chatterton na wenzake waliwaona wawili hao wakielea kando ya Seeker, wakawauliza kama wamefanya vituo vyao. Jibu lilikuwa hapana.

Wengi hushangazwa na sehemu inayofuata. Mtu aliyetoka mita 70 bila vituo haanguki papo hapo. Anaweza kuongea. Anaweza kukutazama usoni. Povu linahitaji dakika chache kufika kwenye moyo na uti wa mgongo. Inasimuliwa kwamba baba aliwataka waliokuwa kwenye boti wamtoe majini Chrissy kwanza.

Walimtoa Chrissy kwanza. Walipomgeukia baba, alikuwa ameshapoteza fahamu. Walimvuta hadi kwenye sitaha, wakaukandamiza moyo wake na kumpulizia pumzi kwa muda mrefu. Haikusaidia.

Chrissy alikuwa bado anaongea, mara akiwa na akili zake, mara akiweweseka. Alilalamika maumivu, kisha akasema haisikii miguu yake. Ni maneno yake pale kwenye sitaha, katikati ya maumivu yale, ndiyo yaliyowafahamisha wenzake kilichotokea kule chini: kabati, tope, baba kuingia, mitungi kupotea.

Helikopta ya walinzi wa pwani ilifika, ikawanyanyua wote wawili. Chrissy alipelekwa New York, eneo la Bronx, kwenye chumba cha mgandamizo. Hicho ni chumba cha chuma ambacho mgonjwa hufungiwa ndani na hewa kushindiliwa, ili mwili udanganyike kwamba umerudi chini na povu liyeyuke upya. Watu wengi huokolewa humo. Kwa Chrissy povu lilikuwa limezidi na saa zilikuwa zimepita. Alifia humo ndani.

KILICHOWAUA NI NINI?

Mjadala ulidumu miaka, kama mjadala wa penalti iliyoamua fainali. Wapo waliosema ni hewa ya kawaida: wangekuwa na heliamu, wangekuwa na akili timamu ya kuutafuta uzi wao na kurudi walikoingilia. Wapo waliosema ni tamaa ya kile kitu chenye maandishi. Wapo waliosema ni kabati tu, bahati mbaya ambayo ingempata yeyote.

Ukiipanga hesabu, hakuna kosa hata moja pale ambalo peke yake lingeua. Kukwamishwa na kabati hakukuwaua, mzee alimtoa. Kutokea upande usio wao hakukuwaua, kama wangeiona mitungi. Hata kuchelewa hakukuwaua, kama gesi ya kufanyia vituo ingekuwepo. Kila kosa lilikula sehemu ya akiba iliyowekwa kwa ajili ya kosa lililofuata, hadi akiba ikaisha. Na kosa la kwanza lilifanyika nchi kavu, pale waliposema heliamu ni ghali, tutashuka hivihivi.

Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki povu hilo siyo hadithi ya Wazungu. Wapo vijana wa Unguja na wa pwani ya Kenya wanaoshuka na mitungi kutafuta majongoo ya bahari, kazi ambayo soko lake liko Asia. Wanaopanda haraka, au kushuka mara nyingi kwa siku moja, hurudi ufukweni na viungo vinavyouma na miguu isiyosikia. Wanaweza kudhani ni uchovu au jini wa bahari. Ni naitrojeni ileile iliyomkuta Chrissy.

JINA LIKAPATIKANA

Baada ya msiba ule baadhi ya watu hawakurudi tena kwenye nyambizi. Chatterton na mwenzake Richie Kohler waliendelea, safari hizi wakiwa na heliamu kwenye mitungi. Mwishoni mwa Agosti 1997, Chatterton alipenya kwenye chumba cha mota za umeme kupitia tundu dogo kiasi kwamba ilimbidi avue mtungi ili mwili upite. Wazamiaji wenyewe walisema ule ulikuwa wazimu. Walitoka na vibao vidogo kutoka kwenye masanduku ya vipuri. Vilichongwa: U-869.

Vitabu vilikuwa vimekosea. U-869, chini ya kamanda Hellmuth Neuerburg, iliondoka Norway Desemba 1944 ikielekea maji ya New York. Baadaye makao makuu yaliibadilishia njia iende karibu na Gibraltar, na baada ya vita waliopanga kumbukumbu waliamini ilitii na kufia huko. Inaelekea ujumbe haukuifikia. Ikaendelea na safari yake hadi Marekani na kuzama na watu wote 56 waliokuwa ndani.

Kohler alisafiri hadi Ujerumani kukutana na ndugu wa wale mabaharia na kuwaeleza wapendwa wao wamelala wapi. Kwa zaidi ya miaka 50 familia zile zilikuwa zimeambiwa bahari isiyo yenyewe.

Kwenye mchezo wenyewe, mabishano kuhusu heliamu yamekwisha. Leo anayetaka kushuka mita 70 hufundishwa kuanza na gesi ile, na mwalimu makini hatamruhusu mwanafunzi wake kushuka hapo na hewa ya kawaida. Nyambizi bado ipo palepale, na boti bado huenda. Wazamiaji watatu wamekufa juu yake: yule wa Septemba 1991, na baba na mwana wa Oktoba 1992.

Chrissy Rouse hakuibuka na kile kitu chenye maandishi ya Kijerumani. Baadaye wenzake waligundua kilikuwa sehemu ya boti ya kujiokolea ya mabaharia. Hakikuwa na jina la nyambizi.